Hadubini, GeneXpert, Truenat au X-ray: kipimo kipi cha TB kinafaa eneo lako?

Fedha za kuboresha upimaji wa kifua kikuu zikipatikana wilayani, kikao hakikosi mabishano. Mtu wa maabara anataka GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kimelea cha TB kwenye makohozi. Daktari wa CTC (kliniki ya matibabu ya VVU) anataka X-ray. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma, ambaye ndiye anayezunguka zahanati kwa zahanati, anauliza kwa nini tusianze na mafuta ya pikipiki ya kubebea makohozi. Wote watatu wana hoja, na ndiyo maana kikao huishia kuahirishwa.

Ulinganisho huu ni kwa wanaokaa kwenye vikao hivyo: waganga wafawidhi, wataalamu wa maabara, timu za afya za halmashauri, na mashirika yanayowasaidia. Mifano mingi ni ya Tanzania, nchi iliyomo katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu.

## Kwanza, mgonjwa anapotelea wapi?

Mwaka 2023 WHO ilikadiria kuwa watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani. Waliogunduliwa na kuandikishwa walikuwa milioni 8.2. Hao wengine hawakupotea mahali pamoja. Kuna anayekohoa nyumbani mwezi mzima akinunua dawa ya kikohozi duka la dawa. Kuna aliyefika zahanati akapewa amoksilini bila kuulizwa kikohozi kimeanza lini. Kuna aliyetoa makohozi, kipimo kikakosa kuona. Na kuna yule anayeniudhi kuliko wote: kipimo kimeona, jibu limeandikwa kwenye rejista, lakini mwenyewe hajapigiwa simu.

Kila njia iliyo hapa chini inaziba tundu moja au mawili kati ya hayo manne. Hakuna inayoziba yote. Kwa hiyo kabla ya kuomba ankara kifani, chukua rejista ya maabara na rejista ya matibabu za robo mwaka iliyopita, uzisome sambamba. Ni wangapi walihisiwa? Ni wangapi walipimwa? Wangapi walionekana kuwa na vimelea, na wangapi kati yao walianza dawa, baada ya siku ngapi? Ni kazi ya mchana mmoja, nayo itakuonyesha tundu lako liko wapi.

Nimepima kila njia kwa mambo manne: inaona nini, inadai nini (umeme, joto, watu, fedha), jibu linamfikia mgonjwa lini, na inamfaa nani. Uchunguzi na dawa za TB katika vituo vya umma Tanzania ni bure, kwa hiyo gharama ninayoizungumzia ni ya kituo. Ya mgonjwa ni nauli na siku ya kazi iliyopotea, nayo imo ndani ya lile swali la tatu.

## Hadubini

Inaona nini. Makohozi hupakwa kwenye slaidi, hutiwa rangi nyekundu na kupashwa moto, husafishwa kwa tindikali, kisha hutiwa bluu. Vimelea vya TB hubaki vyekundu. Ili vionekane, lazima viwe vingi: takriban 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Ndiyo sababu hadubini hukosa karibu nusu ya wagonjwa ambao kuotesha vimelea kungewaonyesha. Kwa wanaoishi na VVU na kwa watoto hali ni mbaya zaidi, maana makohozi yao huwa na vimelea vichache. Na haisemi lolote kuhusu usugu wa dawa. Hadubini ya taa ya LED, ambayo WHO iliipendekeza mwaka 2011, huongeza wanaoonekana kwa takriban asilimia 10 na kuharakisha usomaji.

Inadai nini. Umeme kidogo, rangi, slaidi, maji safi. Gharama yake halisi ni mtu. Slaidi isiyo na vimelea hairuhusiwi kuitwa hasi mpaka angalau sehemu 100 zisomwe, na msomaji huyo ndiye huyo huyo anayepima malaria, damu, mkojo na mimba. Akishasoma slaidi ishirini na kitu kwa siku moja, macho yanachoka.

Jibu lini. Siku hiyo hiyo, kama sampuli zote mbili zinachukuliwa siku moja.

Inamfaa nani. Kuna mtindo sasa wa kuidharau hadubini, nami naupinga. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanza mwaka 1977, kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, ulisimama juu ya hadubini za wilayani na usimamizi wa dawa. Kilichojifunzwa Tanzania ndicho kilichokuja kuenea duniani kwa jina la DOTS. Lakini sababu kubwa ya kuitunza si historia. Vipimo vya vinasaba husoma DNA hata ya vimelea vilivyokwisha kufa, hivyo haviwezi kukuambia kama mgonjwa aliye kwenye dawa anapona. Slaidi za ufuatiliaji, kuanzia ile ya mwezi wa pili, zinahitaji hadubini. Halmashauri inayogawa hadubini zake baada ya kupata mashine mpya itazitafuta tena baada ya miezi miwili.

## GeneXpert kituoni

Inaona nini. Kartriji ni kikasha kidogo kinachotiwa sampuli. Ile ya Ultra, iliyopitishwa na WHO mwaka 2017, inaweza kukamata vimelea wapatao 16 tu katika mililita moja. Ukilinganisha na kuotesha, huwapata wagonjwa tisa kati ya kumi. Papo hapo inasema kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, jambo linaloamua kama mgonjwa ataanza dawa za kawaida au ataelekezwa kwenye matibabu ya TB sugu, ambayo Tanzania yalianzia Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009. Ila ukali huu una bei yake: aliyewahi kutibiwa TB miaka ya karibuni anaweza kutoa jibu la "chembechembe" ambalo ni mabaki ya ugonjwa wa zamani. Jibu hilo lisomwe na daktari pamoja na historia ya mgonjwa, lisisomwe peke yake.

Inadai nini. Hapa ndipo wengi hukwama. Mashine inataka chumba kisichozidi nyuzi joto 30, umeme usiokatikakatika au UPS nzuri, kompyuta, na urekebishaji wa vipimo kila mwaka. Kartriji zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 28; sasa fikiria stoo ya bati mwezi Februari kule Tanga. Bei ya kartriji kwa nchi zetu ilishuka hadi dola 7.97 mwezi Septemba 2023, kutoka dola 9.98 iliyokuwapo tangu 2012, kwa hiyo si kartriji inayoua miradi. Kinachoiua ni moduli, yaani sehemu ya mashine inayopima sampuli moja kwa wakati, inayokufa wakati mkataba wa matengenezo umekwisha. Mashine ya moduli nne inaweza kupima sampuli kama 16 kwa siku ya kazi. Moduli mbili zikifa, unabaki na nane. Zikifa zote, unabaki na samani iliyofunikwa kitambaa.

Jibu lini. Mashine inamaliza chini ya saa mbili. Mgonjwa akisubiri, anaweza kuondoka na dawa.

Inamfaa nani. Hospitali ya wilaya au kituo cha afya chenye sampuli nyingi kila siku na umeme wa kuaminika. Tangu mwaka 2021 mwongozo wa WHO unataka vipimo vya aina hii viwe vya kwanza badala ya hadubini, ingawa mwaka 2023 ni asilimia 48 tu ya waliogunduliwa duniani waliopimwa hivyo mwanzoni. Mashine hiyo hiyo pia hupima wingi wa virusi vya UKIMWI na watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye VVU, kwa hiyo hesabu ya kama "inalipa" isifanywe na kitengo cha TB peke yake.

Kuna utafiti unaostahili kukumbukwa kabla hujasaini. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Mbeya: wauguzi waliendesha GeneXpert vizuri tu kliniki, na wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku hiyo hiyo. Lakini hali ya ugonjwa baada ya miezi haikutofautiana na kliniki zenye hadubini, kwa sababu madaktari wa upande wa pili walikuwa tayari wanawaanzishia dawa wagonjwa kwa kuwatazama na kwa picha. Mashine iliingia mahali ambapo tundu halikuwa hapo. Uganda walikwenda mbali zaidi: vituo kumi vilipewa mashine ndogo ya moduli moja, vikapanga upya mtiririko wa kazi ili mgonjwa apimwe na kuanza dawa siku moja, na vikawa vinapelekewa taarifa ya jinsi vinavyofanya. Matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha watu wengi zaidi wakianza dawa ndani ya siku 14 kuliko kwenye vituo kumi vilivyokuwa vikipeleka sampuli mbali. Mashine ilikuwa sehemu moja tu ya mpango huo.

## Sampuli isafiri, mgonjwa abaki

Inaona nini. Sawasawa na GeneXpert, maana ndiyo inayopima. Makohozi tu ndiyo yanayosafiri.

Inadai nini. Pikipiki, dereva aliyefundishwa kufungasha vikopo kwa tabaka tatu, boksi la baridi, ratiba isiyobadilika na posho inayolipwa kwa wakati. Kwa ajili ya kartriji za GeneXpert (Xpert), makohozi yanavumilia hadi siku tatu kama joto halizidi nyuzi 35, na yakiwa kwenye baridi ya friji yanaweza kufika siku ya kumi. Kwa hiyo safari mbili kwa wiki zinatosha zahanati nyingi kama boksi la baridi lipo. Wapo wanaopeleka mara moja kwa wiki. Hapo mgonjwa wa Jumanne anaweza kukaa na kikohozi chake hadi wiki inayofuata.

Jibu lini. Hili ndilo doa lake. Kwenda ni rahisi, kurudi ni kazi. Jibu lisipotumwa kwa SMS au simu siku lilipotoka, husubiri pikipiki ya safari inayofuata, na mgonjwa anakuwa ameshakwenda shambani, mnadani au kwa ndugu mjini. Usianzishe usafirishaji wa sampuli kabla hujaandika jina la mtu mmoja anayewajibika kurudisha majibu.

Inamfaa nani. Zahanati zenye sampuli chache. Kituo chenye watu watatu wanaohisiwa kwa wiki hakihitaji mashine ya kupima 16 kwa siku.

## Truenat

Inaona nini. Ni kipimo cha vinasaba kilichotengenezwa India na kampuni ya Molbio, na WHO ilikipendekeza mwaka 2020. Kwa kipimo chake cha MTB Plus, hupata takriban wagonjwa wanane kati ya kumi. Kinaizidi hadubini kwa mbali na kuwa nyuma kidogo ya Ultra. Usugu wa rifampisini hupimwa kwa chipu ya pili, baada ya ya kwanza kuonyesha TB.

Inadai nini. Betri. Huo ndio utamu wake: kinafanya kazi bila umeme wa gridi kwa saa kadhaa na kinavumilia joto hadi nyuzi 40. Kiyoyozi si lazima. Lakini kina hatua nyingi zaidi za mkono kuliko GeneXpert: makohozi hutayarishwa kwa mashine moja, kisha hupelekwa kwenye nyingine kwa kutumia pipeti. Mtaalamu mmoja mwenye mikono iliyotulia anakiweza vizuri. Akihamishwa, unaanza kufundisha upya, na uhamisho kwenye halmashauri zetu haupigi hodi.

Jibu lini. Takriban saa moja kwa TB, na saa nyingine kama kuna haja ya kupima usugu.

Inamfaa nani. Kituo cha afya kilicho mbali, ambako masika hukata barabara au kivuko hakiaminiki: visiwa vya Ukerewe, delta ya Rufiji, na kwingineko ambako pikipiki ya sampuli ingezama kwenye tope.

## X-ray ya dijitali na programu ya kusoma picha

Inaona nini. Kifua, si kimelea. Tangu 2021 WHO inaruhusu programu za kompyuta kusoma picha za kifua za watu wa miaka 15 na zaidi badala ya daktari. Programu hutoa alama, na wewe huamua kuanzia alama ngapi mtu atoe makohozi. Nguvu yake ni kuwakamata wasiokohoa: katika tafiti za kitaifa za nchi mbalimbali, karibu nusu ya waliothibitishwa kuwa na TB hawakuwa na dalili walipoulizwa maswali ya kawaida. Udhaifu wake ni kwamba makovu ya TB ya zamani, na vumbi la mawe kwenye mapafu, huonekana vibaya pia. Kule Mirerani, ambako vijana wanachimba tanzaniti kwenye vumbi la silika, kiwango cha alama cha mjini hakitafaa.

Inadai nini. Mashine za kubeba mkononi zipo, nyingine za kilo tatu na nusu tu, na zinatumia betri. Lakini kuna leseni ya programu, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, mtaalamu wa mionzi, na kubwa kuliko yote, kipimo cha kuthibitisha kinachosubiri nyuma yake. Kununua X-ray wakati GeneXpert ya wilaya imezidiwa ni kuhamisha foleni kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Jibu lini. Alama hutoka ndani ya dakika chache. Jibu la TB hutoka pale makohozi yatakapopimwa.

Inamfaa nani. Kampeni za kufuata watu walipo: magereza, migodi, kambi za wakimbizi, masoko makubwa, na kaya za wagonjwa waliokwisha kugunduliwa.

## Viwili vya pembeni

Kipimo cha LAM cha mkojo hakishindani na hivyo vya juu. Ni kijikaratasi cha kutonesha mkojo, hakitaki umeme, na jibu hutoka kwa dakika 25. Kwa mtu wa kawaida hakifai. Kwa anayeishi na VVU aliyelazwa akiwa na dalili za TB, au ambaye CD4 zake (chembe za kinga) zimeshuka sana, kinaweza kuokoa maisha: jaribio lililofanyika hospitali kumi za Afrika Kusini, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, likachapishwa 2016, lilionyesha vifo vikipungua pale kipimo hiki kilipoongezwa kuongoza matibabu. Hakioni wagonjwa wengi, kama nusu tu au pungufu, lakini huwaona wale waliobakiza muda mfupi na wasioweza kutoa makohozi. Jibu hasi lisimzuie daktari.

Cha pili ni panya buku wa APOPO, shirika linalowafundisha kunusa TB, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Tangu 2007 wananusa makohozi yaliyokwisha pimwa hospitali. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20, na anazoziashiria hupimwa upya maabara. Vituo vinavyoshirikiana nao vimeongeza wagonjwa waliogunduliwa kwa karibu asilimia 40 juu ya walichopata kwa hadubini. WHO haijawapitisha kuwa kipimo cha kwanza, na huwezi kuwanunua. Ila kama kituo chako kiko Dar es Salaam au Morogoro na bado unategemea slaidi, kuomba kushirikiana nao ni jambo la busara kuliko linavyosikika kikaoni.

## Kwa hali yako

Zahanati isiyo na umeme wa uhakika, sampuli chache, barabara inayopitika: usinunue mashine. Weka fedha kwenye usafirishaji wa sampuli na vocha za simu za kurudisha majibu, na uwafundishe wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuuliza mambo manne: kikohozi, homa, kupungua uzito, jasho la usiku.

Kituo cha afya cha kisiwani au kinachokatika masika, chenye angalau wataalamu wawili wa maabara: Truenat. Wafundishe wote wawili.

Hospitali ya wilaya: GeneXpert, na mkataba wa matengenezo uandikwe kwenye bajeti ya mwaka wa pili na wa tatu kabla mashine haijashushwa kwenye gari. Hadubini zibaki kwa ufuatiliaji. Wodi na CTC ziwe na LAM.

Mgodi, gereza au kambi: X-ray yenye programu, lakini kwanza piga hesabu ya kartriji. Kadiria ni watu wangapi watavuka kiwango cha alama kila siku, kisha uhakikishe mashine ya vinasaba iliyo jirani inaweza kuwapokea.

Watoto wadogo: hakuna mashine itakayokutoa kwenye kazi ya daktari. Choo cha mtoto kinaweza kupimwa kwa Xpert, WHO imeruhusu, nacho hakimuumizi kama mrija wa kupitisha puani hadi tumboni. Lakini wengi wataanza dawa kwa dalili, picha na historia ya kuishi na mgonjwa nyumba moja.

Na kama rejista zako zimeonyesha kuwa wanaogunduliwa ni wengi lakini hawaanzi dawa, acha mashine zote. Tafuta watu wa kuwafuata. Temeke kikundi cha Mukikute, cha watu ambao wengi wao wamewahi kuugua TB, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi: kugonga mlango, kumwambia mtu jibu lake limetoka, na kumsindikiza kituoni asubuhi.